Kwanza Mkate na Usingizi, Ndipo Safari

Dominika ya 19 ya Mwaka B
Masomo: 1 Fal 19:4-8, Efe 4:30–5:2, Yn 6:41-51



Wasikilizaji wapendwa, somo la kwanza la Dominika hii latuonyesha mtu mzima, tena nabii, ameketi chini ya mretemu jangwani, akimwomba Mungu aitwae roho yake. Muda mfupi tu kabla ya hapo, Eliya huyu alikuwa ameshinda juu ya mlima Karmeli mbele ya umati wa Israeli, na alikuwa na nguvu za kukimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu hata Yezreeli. Sasa hataki tena kuishi. Amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, ameingia nyikani peke yake mwendo wa siku moja, naye amelala.

Tutazame jinsi Mungu alivyomtendea. Malaika hakumkemea. Hakumwambia kuwa ni aibu kwa nabii kukata tamaa, wala hakumkumbusha ushindi wa Karmeli. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akamrudia mara ya pili kwa chakula, maana alijua kwamba safari ilikuwa ndefu kuliko nguvu za msafiri. Ndipo Eliya akatembea siku 40, mchana na usiku, mpaka Horebu, mlima wa Mungu. Na ni huko Horebu, si chini ya mretemu, alikoulizwa na Mungu anafanya nini mahali pale. Swali lilikuja baada ya mkate na usingizi.

Sisemi kwamba Eliya alikuwa na ugonjwa wa akili. Maandiko hayasemi hivyo. Lakini utaratibu huu wa Mungu, wa kuhudumia kwanza na kuuliza baadaye, napenda tuutumie leo kutazama jambo linalozielemea familia nyingi kimya kimya: mtoto ambaye hisia zake zimeugua, na ambaye kwa sababu hiyo mambo yake shuleni yanaharibika.

Ugonjwa huu ni nini?

Huzuni na furaha ni sehemu ya maisha ya kila mwanadamu. Mtoto aliyefiwa na bibi yake atalia. Mtoto aliyefaulu atarukaruka. Huo si ugonjwa. Lakini yako magonjwa yanayoshika hisia zenyewe, kama vile malaria inavyoshika damu. Mmojawapo huitwa sonona. Mgonjwa hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi na chakula vyake huvurugika, hujiona hana thamani, na akili yake huwa nzito kama mtu anayetembea ndani ya tope. Dalili za namna hii zikidumu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, na zikimzuia mtu kufanya shughuli zake, madaktari hawaziiti tena huzuni ya kawaida.

Ugonjwa wa pili humvuta mtu pande mbili, na siku hizi wengi husikia ukiitwa baipola. Yapo majuma au miezi ya sonona. Kisha huja kipindi cha kupanda kupita kiasi. Kijana hulala saa mbili au tatu tu na haonekani kuchoka. Husema upesi, mawazo yake hukimbizana, hujiona anaweza kila jambo, na huweza kugawa au kutumia fedha ovyo. Wazazi na walimu huona ghafla na kusema, "Ameanza bangi." Yafaa kuchunguza hilo, maana bangi na pombe huzidisha maradhi haya, lakini kuchunguza si kuhukumu.

Wazazi wapendwa, hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Kwa watoto na vijana, sonona mara nyingi haivai sura ya machozi. Huvaa sura ya hasira. Chukueni mfano wa kijana wa kidato cha pili aliyekuwa mpole. Sasa anajibu kwa ukali, anagombana na wadogo zake, haamki asubuhi, analalamika kuumwa na kichwa au tumbo kila siku ya shule, na daftari lake halina kitu. Nyumbani ataitwa mkaidi, shuleni mtoro, mtaani mvivu. Amepewa majina matatu, na hakuna hata mmoja aliyemwita mgonjwa.

Wala tusidhani kwamba ni jambo la nadra. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba, wa umri wa miaka 10 hadi 19, ana tatizo la afya ya akili la aina fulani. Ukiingia katika darasa la wanafunzi 42 ukalihesabu kwa kadiri hiyo, utawakuta sita.

Chanzo chake si kimoja. Maradhi haya hutembea katika baadhi ya koo, kama shinikizo la damu linavyotembea. Misiba, unyanyasaji na mateso ya utotoni huweza kuyaamsha. Basi baba asimwambie mama, "Wewe ndiwe uliyemdekeza," wala mama asimwambie baba, "Ni ukoo wenu." Maneno hayo hayajampatia mtoto yeyote nafuu, ila yamevunja ndoa nyingi.

Fimbo haiponyi

Wahenga walisema, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye," na walisema kweli kuhusu mtoto mzima wa afya anayekataa kutumwa. Lakini methali ni dawa, na kila dawa ina ugonjwa wake. Hakuna mzazi anayemchapa mtoto mwenye malaria ili homa ishuke. Kijana mwenye sonona tayari anajiambia moyoni kwamba hafai; kila kiboko kinamthibitishia neno hilo.

Kanisa lina shahidi wake katika jambo hili. Mtakatifu Yohane wa Mungu, mzaliwa wa Ureno, alikuwa mjini Granada, Hispania, mwaka 1539. Alipokwisha kusikia mahubiri ya Yohane wa Avila, aliguswa kwa namna ambayo watu walimwona amerukwa na akili, wakampeleka katika hospitali ya kifalme. Tiba waliyopewa wagonjwa wa namna hiyo siku zile ilikuwa kufungwa na kuchapwa mijeledi. Yohane aliyaonja hayo katika mwili wake, na alipotoka alianzisha hospitali ambamo wagonjwa walipokewa kwa upole. Alifariki tarehe 8 Machi 1550, na hiyo ndiyo siku tunayomkumbuka. Yeye aliyepigwa hakuandika kwamba mijeledi ilimponya. Alijenga nyumba isiyo na mijeledi.

Hata waraka wa Wizara ya Elimu ya Tanzania wa mwaka 2002, ambao haukufuta viboko shuleni, uliviwekea mipaka: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Mzazi anayeujua waraka huo anaweza kwenda shuleni na kusema kwa heshima, "Mwalimu, mwanangu ni mgonjwa, naomba asichapwe."

Katika somo la pili la leo, Mtume Paulo anawataka Waefeso waondoe kwao uchungu, ghadhabu na makelele, wakawe wenye huruma. Nyumba yenye mgonjwa wa hisia yahitaji shauri hilo kuliko nyumba nyingine, kwa kuwa kelele na masimango huzidisha ugonjwa, na utulivu husaidia tiba.

Wako pia wanaosema ni pepo, au ni mkono wa jirani. Kwa sababu hiyo mtoto huzungushwa kwa waganga na katika mikesha ya maombezi kwa muda mrefu, huku ugonjwa ukiota mizizi. Sikilizeni, wapendwa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kutoidharau dawa, kwa kuwa vyote viwili vimetoka kwa Mungu. Na papo hapo anamwagiza mgonjwa asali. Hakuvitenganisha. Kwa hiyo tumwombee mtoto, na tumpeleke hospitali. Mtu akikuambia utupe vidonge ili uonyeshe imani yako, usimsikilize, hata kama ameshika Biblia mkononi.

Hatua za mzazi

Kwanza, andika. Chukua daftari la kawaida, na kila jioni uandike mambo manne: amelala saa ngapi, amekula nini, hali yake ilikuwaje, na kama alikwenda shule. Baada ya majuma mawili utaona njia ya ugonjwa, na daktari atakushukuru. Mwonyeshe siku za kuinama, mwonyeshe na siku za kupanda kupita kiasi. Maana dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mwenye ugonjwa wa pande mbili, huweza kumrusha juu. Lakini kama hali ni mbaya, usingoje daftari lijae.

Pili, nenda hospitali. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uombe rufaa ikihitajika. Kwa hapa Tanzania, hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ina idara ya magonjwa ya akili, na Mirembe mjini Dodoma ni hospitali ya taifa ya magonjwa hayo. Usishangae mtoto akipimwa damu kwanza. Upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo na mengineyo huweza kufanana na sonona. Wengine watasaidiwa kwa mazungumzo na mtaalamu aliyefundishwa kazi hiyo; wengine watahitaji na dawa.

Tatu, uwe na saburi na dawa. Dawa nyingi za sonona hazionyeshi kazi yake kwa siku mbili. Huhitaji majuma kadhaa. Katika majuma ya mwanzo mwangalie kijana kwa karibu zaidi, na ukiona mabadiliko ya kutisha umrudishe kwa daktari upesi. Dawa zikae mikononi mwa mzazi, si chini ya mto wa mtoto. Wala msiziache ghafla kwa sababu amepata nafuu. Nafuu hiyo huenda ndiyo kazi ya dawa yenyewe.

Nne, rudini kwenye mkate na usingizi. Kula kwa wakati, kulala na kuamka kwa saa zilezile, kutembea kidogo juani, simu kuwekwa mbali usiku: haya huonekana madogo, nayo ni sehemu ya tiba. Kwa mwenye ugonjwa wa pande mbili, kukesha usiku kucha, hata kwa sababu ya mitihani, kwaweza kuamsha kipindi cha kupanda.

Tano, malezi yaendelee. Kuugua si ruhusa ya kumpiga mdogo wake wala kutukana. Lakini chagueni sheria chache zilizo za lazima, na mzungumze naye akiwa ametulia, si wakati wa mawimbi. Tena msiwasahau watoto wengine wa nyumba hiyo, ambao mara nyingi huachwa bila kuelezwa lolote, wakadhani kwamba kaka yao amependelewa.

Shuleni

Wazazi wengi, mtoto anapoanza kuharibikiwa, huchukua uamuzi mmoja: "Apelekwe bweni akanyooshwe." Mwingine humpeleka kwa babu kijijini. Mwingine humtafutia nafasi seminari ndogo, kana kwamba seminari ni karakana ya kunyoosha chuma. Fikirini vema. Mtoto mgonjwa akipelekwa mbali anaondolewa kwa mtu aliyeijua hali yake, analala katika bweni lenye kelele, anaamshwa alfajiri, na hana wa kumkumbusha dawa. Eliya alimwacha mtumishi wake akaingia jangwani peke yake. Sisi tusimsukume mtoto katika jangwa hilo. Kwa kawaida heri akae nyumbani mpaka daktari aseme yuko imara.

Nenda kwa mwalimu wa darasa, na kama yupo, kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Usiende kugombana, wala usiende kuficha. Chukua barua ya hospitali, ueleze kwa kifupi, na uombe mambo yanayowezekana hata katika shule maskini: aketi karibu na mwalimu, akiona anazidiwa, awe na mwalimu mmoja anayeweza kumwendea bila kuulizwa mbele ya wenzake, kazi alizokosa zipunguzwe, wala zisirundikwe zote siku moja, na anaporudi baada ya kuugua, aanze kwa kadiri ya nguvu zake. Omba pia siri yake itunzwe. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 hawezi kukisia kilichomo moyoni mwa mmoja wao, lakini wengi wakiambiwa watasaidia.

Na mitihani? Najua uchungu wa mzazi aliyelipa michango na sare, kisha akaona matokeo ya chini. Lakini tuulize swali letu kwa wakati wake. Mtoto aliye chini ya mretemu tukimwuliza, "Kwa nini umekuwa wa mwisho?" hatatupa jibu, kwa kuwa hana. Apate nafuu kwanza. Kurudia mwaka mmoja si msiba. Mwezi Novemba 2021 Serikali ya Tanzania ilitoa waraka unaowaruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali kurudi masomoni. Iko njia ya kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Viko vyuo vya ufundi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtoto aliye hai na aliyechelewa darasa moja tutamshukuru Mungu kwa ajili yake miaka yote.

Akisema anataka kufa

Neno hili la mwisho ni zito, nami nalisema wazi. Kijana akisema, "Bora nisingezaliwa," au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, usicheke, wala usimwambie anamkosea Mungu. Mwulize kwa upole na kwa maneno ya wazi, "Mwanangu, unawaza kujiua?" Watu huogopa kwamba kuuliza kutampa wazo hilo. Sivyo, kuuliza humfungulia mlango wa kusema. Usimwache peke yake. Ondoa nyumbani dawa za shamba, sumu za panya, vidonge na kamba. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku.

Na familia ambayo imekwisha kumpoteza mtoto kwa njia hiyo isidhani kwamba Kanisa limeifungia mlango. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha kwamba maradhi mazito ya akili na hofu kubwa huweza kupunguza wajibu wa mtu kwa tendo hilo, kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, na kwamba Kanisa linamwombea. Tafadhali, asipatikane mwanajumuiya wa kusema kinyume cha hayo mbele ya wafiwa.

Kwa makatekista na jumuiya

Makatekista wapendwa, mtoto anayekosa mafundisho ya Kipaimara mara tano au sita, msimfute katika orodha kabla hamjafika kwao. Nendeni mkaulize hali. Mkikuta ugonjwa, mfundisheni hukohuko nyumbani, kidogokidogo. Roho Mtakatifu hahesabu mahudhurio kama sisi.

Na ninyi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, Injili ya leo inatupa onyo. Watu walimnung'unikia Yesu, wakisema wanamjua baba yake na mama yake. Ndivyo tunavyofanya penye mtoto mgonjwa wa akili: tunataja wazazi, tunachambua ukoo, tunasema nani alilaaniwa. Ndiyo maana wazazi hufunga mlango, nao wahenga wameshatuonya: mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Lakini nani atafichua ugonjwa wake penye midomo kama yetu? Tukitaka wafungue, tubadili maongezi. Mama aliyelala hospitali na mwanawe majuma matatu anahitaji mtu wa kumpikia wadogo waliobaki, wa kumpalilia shamba, wa kumchangia nauli ya kliniki ya mwezi ujao. Huo ndio mkate wa juu ya makaa, nasi tumepewa kuupeleka.

Eliya hakupona kwa kuambiwa ajikaze. Alilishwa mara mbili, akaachwa alale, akaongozwa taratibu. Na mwishoni Mungu akampa Elisha, mwenzi wa kazi, asiwe peke yake tena. Mzazi ambaye mwanao yuko chini ya mretemu asubuhi hii, usimwinue kwa nguvu. Mguse. Mpe chakula. Mwache alale. Kesho mwandalie safari ya hospitali, na keshokutwa ya shule. Naye Kristo, Mkate ulioshuka kutoka mbinguni, awatie nguvu ninyi mnaombeba, kwa maana safari yenu nayo ni ndefu.

Mungu awabariki nyote. Amina.